Vikonyo vya mwili: mmeuliza, nawajibu

*Mjukuu wangu ana siku nne, kitovu hakijaanguka, bibi mwingine anasema tupake majivu. Mama, Arua*

Majivu hapana mama, wala mavi ya ng'ombe, wala mafuta ya taa. Kile kikonyo hakina mishipa ya fahamu ndio maana mtoto halii ukikigusa, lakini ndani kuna mishipa 3 ya damu, ateri 2 na vena 1, na uchafu ukiwekwa pale unaweza kumletea pepopunda, na pepopunda ya mtoto mchanga inaua. Wacha kikauke, nepi ikunje chini yake, usikivute hata kama kimebaki na kauzi kamoja tu. Kwa kawaida kinaanguka chenyewe ndani ya wiki 1 mpaka 2. Ukiona wekundu unasambaa tumboni, usaha, homa, au mtoto anakataa ziwa, usingoje kesho.

*Nimeamka korodani moja inauma vibaya sana, rafiki zangu wa stage wanasema ni kubeba mizigo, nimeze Panadol? Boda, Jinja*

Ndugu yangu nenda hospitali saa hii, hata usimalize kusoma. Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu na mrija wa mbegu, sasa hiyo kamba ikijisokota damu haipiti, ni kama mpira wa maji uliopinda, korodani inavimba, inapanda juu, wengine wanatapika kabisa. Ikifunguliwa ndani ya masaa 6 hivi mara nyingi inapona, ikipita siku nzima mara nyingi wanaitoa. Inawapata zaidi vijana wa miaka 12 mpaka 18 na hao ndio wanaficha kwa aibu, kwa hiyo wazazi tafadhali, mtoto wa kiume akisema tumbo la chini linauma muulize na huko chini pia.

*Mbuzi wangu ana vinyama viwili vinaning'inia shingoni, jirani anataka avikate. Soroti*

Asivikate! Sio ugonjwa, mbuzi amezaliwa navyo, ni ngozi na gegedu kidogo ndani, na damu inapita humo. Utamuumiza bure na nzi watajaa kwenye kidonda.

*Konokono akikatika pembe yenye jicho anabaki kipofu? Mwanafunzi, Gulu*

Swali zuri. Pembe ndefu za juu ndio zina macho kwenye ncha, na ikikatika inaota tena polepole pamoja na jicho lake.