Ubongo wa domodomo si betri

Swali: Shikamoo daktari. Navua bwawa la Mtera. Kuna bwana mnadani ananunua vichwa vikavu vya domodomo, anasaga unga na kuuza dawa ya kiharusi. Anadai ubongo wa samaki huyu ni betri. Ni kweli? Na mbona samaki mwenyewe hachanganywi na umeme wake?

Jibu: Marahaba. Hadithi ya betri naisikia kila ninapokutana na wavuvi, na inaniudhi. Umeme wa domodomo unatoka mkiani, pale panapokuwa pembamba kabla ya pezi, kwenye seli zilizotokana na misuli. Ni volti chache tu. Ubongo unatoa amri na kusoma kinachorudi.

Swali lako la pili ni zuri mno. Kila ubongo unapoamuru mkia, nakala ya amri huenda kwenye sehemu inayopokea taarifa za vipokezi vya ngozini. Vipokezi hivyo ni vya aina tatu. Kwa vile vinavyosikiliza samaki wengine, nakala hufunga njia kwa kitambo kidogo sana, mpigo wake mwenyewe wa umeme usisikike. Kwa vile vinavyopapasa mazingira, nakala huipa njia nguvu, kwa kuwa hapo mpigo wake ndio unaohitajika. Kwa aina ya tatu, inayonasa umeme hafifu wa wadudu topeni, ubongo hujifunza kelele ya mpigo wake na kuifuta, kama alivyoonyesha mtafiti wa ubongo Curtis Bell mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata wewe ukijitekenya hucheki: ubongo wako umeshajua mkono unakuja.

Kazi hiyo ina gharama. Kwa ndugu yake, Gnathonemus petersii, ubongo hutumia takriban asilimia 60 ya oksijeni ya mwili mzima. Wetu hutumia kama 20. Ubongo wa namna hiyo unakula nguvu, hauiweki akiba. Ukishakaushwa na kusagwa ni kitoweo tu.

Wauza mikanda ya umeme na maji ya sumaku nao wana maneno hayohayo, na wagonjwa wanawaamini huku muda unakwisha. Kiharusi ni mshipa wa ubongo ulioziba au kupasuka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha kichwa. Mdomo ukipinda ghafla, mkono mmoja ukalegea au maneno yakakwama, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Vichwa usimuuzie tena, na unaowajua wanaotumia unga huo waambie wasiache vidonge vyao vya presha.