Uliza Gari: Sienta haibridi ya X au ya G, na ile Prius Alpha je?

SWALI
Shikamoo fundi. Mi ni mama wa watoto wanne, naishi Mtwara mjini, mume wangu kwao Tandahimba na msimu wa korosho tunaenda huko karibu kila wikiendi, Desemba tunapanda Dar na mama mkwe tunambeba, kwaiyo tunakuwa saba kamili. Gari tuliyonayo ni ndogo tunabanana mpk watoto wanagombana njia nzima. Tumeoneshwa gari tatu za kuagiza Japani: Sienta haibridi ya 2017 gredi X, Sienta haibridi ya 2018 gredi G ambayo muuzaji anataka milioni mbili na nusu zaidi, na Prius Alpha ya 2013 ya siti saba, Touring, rimu kubwa inang'aa, hiyo ndo mume wangu kaipenda. Majirani wanasema haibridi huku kusini ni kujitafutia presha, betri ikifa gari unaliweka juu ya mawe. Na sijui hata inachajiwaje maana umeme wenyewe si unaujua. Tusaidie kabla hatujatuma hela.
Mama wa Wanne, Mtwara

JIBU
Marahaba mama, na umefanya vizuri kuuliza kabla hela haijatoka, wengi wanauliza gari ikiwa imeshafika bandarini.

Nianze na la kuchaji maana ndo linawatisha watu bure. Hizi tatu zote hazichomekwi popote. Zina injini ya petroli na mota ya umeme, betri kubwa inajazwa na injini yenyewe na pia kila ukikanyaga breki au ukiachia mafuta, ule mwendo unaopotea unageuzwa umeme unarudi kwenye betri. Umeme ukatike wiki nzima Mtwara gari yako haijui kitu. Ila hapohapo elewa faida yake iko wapi: iko kwenye kusimama na kuondoka, yaani shule, soko, kazini, Shangani kwenda Mikindani na kurudi. Ukiwa barabara kuu mwendo mmoja toka Mingoyo mpk Kibiti breki hugusi sana, betri haipati cha kurudisha, kwaiyo bado unaokoa mafuta ila sio kile kiasi ulichosikia Dar kwa watu wa foleni. Sienta haibridi ya 2017 ilipewa kilomita 27.2 kwa lita kwa kipimo cha Japani cha JC08, usiipangie bajeti namba hiyo, imepimwa maabara, haina mama mkwe na magunia ndani.

Piga hesabu yako mwenyewe. Tuseme kwa mwezi mnatembea kilomita 1,500, gari ya kawaida inakupa 13 kwa lita na haibridi inakupa 18, tofauti ni kama lita 32. Zidisha kwa bei ya Mtwara ambayo EWURA, wale wasimamizi wa bei za mafuta, wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, utapata hela unayobakiza kwa mwezi. Kwa nyinyi mnaotembea mjini kila siku na wikiendi Tandahimba naona inalipa. Mtu anayewasha gari Jumapili tu kwenda kanisani mi ningemwambia anunue ya petroli ya kawaida asijisumbue.

Sasa Alpha. Najua baba kaipenda na ni gari nzuri kweli, injini ya cc 1,800, imetulia barabarani. Lakini kuna kitu wauzaji hawawaambii watu, Alpha ya siti tano na ya siti saba hazina betri moja. Ya siti tano ina betri ya nikeli, iko nyuma chini ya buti. Ya siti saba wakakosa nafasi nyuma kwa sababu ya siti za ziada, wakaweka betri ya lithiamu katikati ya siti za mbele, pale kwenye boksi la kuegemeza mkono. Hii ya nikeli mafundi wetu wameshaizoea, wanaifungua, wanapima selo moja moja, mbovu wanatoa wanaweka nyingine, na vipuri vinapatikana kirahisi zaidi kwa sababu Prius na Aqua zimejaa mjini. Ya lithiamu kuipata iliyo nzima ni kazi, na fundi wa kuifungua kwa uhakika nisikudanganye utamtafuta Dar. Ukiwa Mtwara, kilomita zaidi ya 500 toka Dar, hilo peke yake linanitosha kusema hapana. Halafu ni ya 2013, imeshapita miaka 10, inaingia kwenye ushuru mkubwa wa uchakavu, na injini zile za 1,800 zikichakaa huwa zinaziba masizi kwenye njia ya EGR inayorudisha moshi, zikiachwa hivyo baadae gasketi ya silinda hedi inaenda, unaanza kuona kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inapungua hujui inaenda wapi. Na hiyo Touring iliyowapendeza ina tairi 215/50 rimu 17, ubavu mwembamba. Kipande cha vumbi na mashimo kule juu rimu zitapinda, na tairi ikipasuka Jumapili Tandahimba uliza kwanza kama kuna duka lenye saizi hiyo.

Sienta injini yake ni 1NZ-FXE, 1,500, ndugu wa Aqua na Fielder haibridi, betri ni nikeli, tairi 185/60 rimu 15. Vitu vya kawaida kabisa. Nguvu sio nyingi, mkiwa saba na mizigo mkipanda uwanda wa Makonde itavuma na itaenda polepole, hilo mlikubali mapema. Siti za nyuma kabisa ni za watoto sio za bibi, mama mkwe akae katikati. Na hakikisha kabisa hiyo ya 2018 ni ya siti saba maana mwaka huohuo walitoa Sienta ya watu watano inaitwa Funbase, kwa picha za nje huwezi kuzitofautisha, omba picha ya ndani mlango wa nyuma ukiwa wazi.

Sasa X au G. Mota, betri, injini, gia ni zilezile, hakuna gredi inayokunywa mafuta kidogo kuliko mwenzake. Hiyo milioni mbili na nusu unalipia starehe na vifaa. Kwenye G kwa kawaida milango yote miwili ya kuslaidi inafunguka kwa umeme, kitambaa cha siti ni kizuri zaidi, na vitu vingine vya kupendezesha. Mlango wa umeme kwa mama mwenye mtoto mkononi na mfuko wa sokoni ni msaada mkubwa sikatai, ila hewa yetu ya chumvi na mchanga wa barabara za huku sio rafiki wa mota ndogo na waya za milango. Mlango mmoja wa umeme unatosha. Kitu pekee ambacho mi ningekilipia zaidi ni usalama: angalia picha ya kioo cha mbele, juu nyuma ya kioo cha kuangalia nyuma, kama kuna kiboksi chenye kamera hiyo ina mfumo wa kukuonya na kufunga breki ukikaribia kugonga. Hiyo inaweza kuwa kwenye X na ikakosekana kwenye G, kwa sababu wengine waliichagua kama nyongeza siku ya kununua. Na ujue kioo hicho kikipasuka sio cha kubadilisha kienyeji, kamera inatakiwa ipangwe upya.

Mambo ya redio kubwa na ramani usilipie hata shilingi. Ramani ni ya Japani, maandishi ya Kijapani, na redio za kwao haziendi juu kwenye masafa kama zetu, itabidi ufunge kifaa cha kuongeza au redio nyingine kabisa.

Kwaiyo jibu langu ni Sienta X, na ile tofauti ya hela iweke kwenye betri. Namaanisha hivi: dai karatasi ya mnada ya gari hilo, ile ya ukaguzi inayotolewa gari likiuzwa mnadani Japani, usome kilomita na alama za bodi, na ukiona R ujue imeshagongwa ikatengenezwa. Ile 4 au 4.5 wanayoandika ni alama ya hali ya gari mnadani, haihusiani na X wala G. Ikifika Dar isiondoke kabla fundi wa haibridi hajaichomeka kompyuta akasoma volti za kila kundi la selo gari ikiwa inatembea, sio imesimama. Zikiwa zinapishana sana betri imeanza kuchoka na hapo unajua mapema unaanza kujipanga. Mwaka wa gari nao uhakikishe, ikizidi miaka 8 ushuru unapanda, weka 2017 na 2018 zote mbili kwenye kikokotoo cha TRA uone jumla, maana inawezekana ile tofauti mnayoiona kwenye bei ya kununua ikageuka kwenye kodi, na kama G ya 2018 ikitoka karibu sawa basi chukua G kwa amani.

Ikishakuwa yako, kuna kitundu chenye wavu ndani ya gari, karibu na siti, ndo pua ya betri. Msiweke magunia, shuka wala mabegi hapo. Vumbi la njia ya Tandahimba linaziba kile kichujio, betri inapata joto, inakufa kabla ya wakati, na watu wanasema haibridi mbovu. Kila mkirudi kutoka shamba kipulizwe. Na mkishuka Newala kuelekea Masasi weka gia kwenye B, betri ikishajaa haipokei tena umeme wa breki, injini ndo inasaidia kushikilia gari ili pedi zisiungue.

MASWALI MAFUPI

Natokea Lindi, Kimbunga Hidaya kilivyokata barabara Mei 2024 niliona gari zinavuka maji. Haibridi inaweza?
Kaka, usijaribu. Betri kubwa kwenye nyingi iko chini, kwenye Noah haibridi ya 2014 na kuendelea iko chini ya siti za mbele kabisa. Maji yakiingia ndani umepoteza betri na kompyuta zake. Maji ukiyaona yamefika katikati ya tairi geuza, lala Somanga au Nangurukuru, kesho ipo.

Aqua yangu Masasi haiwaki, inaonesha taa nyingi tu, fundi kasema betri kubwa imekufa.
Kwanza apime ile betri ndogo ya volti 12. Hiyo ndo inaamsha kompyuta, ikiishiwa nguvu dashibodi inawaka kama mti wa Krismasi na neno READY halitokei hata kama betri kubwa ni nzima. Mwambie apime mbele yako, akikataa tafuta fundi mwingine.