Mtazame Mama Yake Kwanza

Pumwani, Nairobi

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu na dua. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Umesema panya wametoboa gunia la pojo hapo dukani Kayole, sasa wamepanda hadi chumbani, na jirani yako anagawa watoto watatu wa paka. Unauliza umchukue yupi, na moyo wako umeshamwangukia yule mweupe mwenye macho ya samawati. Mwishoni ukauliza kwa sauti ya chini kama ni salama kukaa na paka kwa hali uliyo nayo.

Kabla hujawatazama watoto, mama yangu, mtazame mama yao. Je, anawinda? Usitosheke na maneno ya jirani, kila mwenye paka humsifu paka wake. Nenda magharibi ikiingia au alfajiri, wakati paka wanapoingia kazini, ujionee.

Unamkumbuka paka wetu Kibibi? Ulikuwa darasa la tatu alipozaa chini ya kitanda changu. Mwanzo aliwaletea wanawe panya aliyekwisha kufa, akamlaza mbele yao. Baada ya siku kadhaa akaanza kuleta aliye nusu hai. Anamwachilia sakafuni, panya anajikokota kuelekea kabatini, na Kibibi amekaa kando, mkia ameuzungushia miguu, hasaidii. Yule mdogo wa milia alimkosa mara tatu. Mara ya nne akamkaba shingo, akanguruma ndugu zake wasisogee. Wapo paka wanaojifunza wenyewe, lakini waliofunzwa hivi huanza mapema na hawachezi ovyo. Mwana hutazama kisogo cha nina. Kwa hiyo hata ukipewa bure wa wiki tano, usimbebe. Mwache kwa mamake atimize miezi miwili, mitatu ikiwezekana.

Huyo mweupe ni mzuri, najua. Ila paka weupe wenye macho ya samawati mara nyingi huzaliwa viziwi, na paka humsikia panya kabla hajamwona. Watoto wa paka wote huwa na macho ya rangi hiyo mwanzoni, kwa hiyo usimhukumu bado. Mngoje akupe mgongo, kisha ufinye karatasi ya nailoni nyuma yake, asiuone mkono wako. Masikio yasipogeuka, mwachie anayetaka paka wa kupakata. Kisha burura kamba polepole sakafuni mbele ya wote watatu. Anayejilaza chini na kuifuata kwa macho kabla ya kuruka, huyo ndiye wako. Rangi haikamati panya.

Jike au dume si jambo la kukukosesha usingizi. Mimi nampenda jike, kwa sababu dume asiyehasiwa huzurura, hupigana na kukojolea kuta, na harufu ile kwenye duka la nafaka itakufukuzia wateja. Lakini jike naye huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na siku 63 hivi baadaye una paka watano. Mpeleke kwa daktari wa mifugo afungwe uzazi, na akifika miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa. Ukikosa wa kukuridhisha hapo kwa jirani, KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama kule Karen, wana paka wanaotafuta nyumba.

Sasa chakula. Kuna watu watakwambia mnyime ili awinde. Usithubutu. Unamjua yule mwanamke kwenye hadithi ya Mtume, aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Na hata kikazi ni kosa: paka aliyeshiba bado huwinda, kwani kuwinda kumo mwilini mwake, na mwenye njaa atahamia kwa anayempa. Mchemshie omena bila chumvi, maji safi yasikosekane. Maziwa usimpe, paka wakubwa wengi huharisha.

Jambo moja linaniuma hadi leo. Kibibi alikufa kwa sumu. Mtu wa ploti yetu alinunua dawa kwa wale wanaopita na spika, “dawa ya panya, mende, kunguni,” akaitega bila kutuambia. Panya akala, akalewa, Kibibi akamkamata. Alilala siku nzima kando ya mtungi, mdomo umelowa, na mimi sikujua nifanye nini. Ukileta paka, waambie majirani wote wa ploti, mmoja mmoja, na dukani kwako sumu isiingie tena.

Kuhusu hali yako: kuna ugonjwa uitwao toksoplasmosi, unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vijidudu vyake hutoka kwenye kinyesi cha paka, hasa paka mdogo anayekula panya, ndiyo maana sitaki ulichukulie hivi hivi. Kinyesi huchukua kati ya siku moja na tano kabla hakijaweza kuambukiza. Basi mume wako ndiye atoe mchanga wa choo cha paka, kila siku, wewe usiuguse. Nyama ivishe sawasawa na mboga uoshe vizuri, maana hupatikana huko pia. Mwambie mkunga wako kliniki kwamba nyumbani kuna paka.

Halafu usimtwike paka kazi yote. Panya mdogo hupita kwenye tundu la kalamu, kwa hiyo yazibeni matundu kwa waya wa kusugulia sufuria, kisha saruji juu yake. Nafaka itieni kwenye mapipa yenye vifuniko. Gunia la mchele lililo wazi, paka mdogo huliona kama mchanga wake. Na kama wanaokusumbua ni wale panya buku wanaotoka mtaroni, paka wengi huwakwepa wakubwa na kushika watoto wao tu. Hao wanahitaji mitego.

Jumamosi nitapanda matatu ya Kayole baada ya alasiri, tukamtazame huyo mama paka giza likiingia. Usimpe jirani jibu kabla sijafika.

Mamako