Testosteroni, uzee na nguvu za kiume: panya wa maabara wanatuambia nini?

Kwa nini majaribio mengi hutumia panya waliohasiwa, si panya wazee?

Ni haraka. Panya dume akitolewa korodani, testosteroni, yaani homoni ya kiume, huporomoka ndani ya saa 24, na baada ya wiki moja au mbili udhaifu wa uume unapimika. Panya mzee hutunzwa hadi miezi 18 au 24. Lakini hawa si wagonjwa wa aina moja. Kijana aliyehasiwa amekosa homoni tu. Mzee, pamoja na upungufu wa homoni, misuli laini ya uume wake imepungua, kolajeni (protini ya makovu) imeongezeka, na neva na mishipa ya damu imechakaa. Kijana ukimrudishia homoni hurudi karibu na alivyokuwa. Mzee hapati nafuu kiasi hicho, kwa sababu homoni haiyeyushi makovu. Basi ukisoma kwamba tiba imefaulu, uliza kwanza: panya gani?

Nguvu ya uume wa panya hupimwaje?

Panya hulazwa kwa nusukaputi. Sindano ya geji 25, yenye maji ya chumvi na heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), huingizwa kwenye tishu ya sponji ya uume. Mrija mwingine huingia kwenye ateri ya shingo. Neva ya uume husisimuliwa kwa umeme, kwa mfano volti 5, mapigo 16 kwa sekunde, kwa dakika moja. Kisha shinikizo la ndani ya uume hugawanywa kwa wastani wa shinikizo la damu mwilini.

Uwiano huo ndio wa kuaminiwa. Dawa ya usingizi ikizidi, shinikizo la mwili mzima hushuka na la uume hufuata, hata kama uume ni mzima. Damu ikiganda ndani ya sindano, au neva ikiachwa ikauke, namba itakuwa ndogo na lawama ataangushiwa panya.

Homoni hufanya kazi gani hasa pale?

Hutunza kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksaidi, gesi inayolegeza misuli laini ili damu iingie. Testosteroni ikipungua, gesi hupungua, misuli hunywea, na vena hazibanwi vizuri, hivyo damu huvuja. Katika sungura waliohasiwa hata seli za mafuta zimeonekana chini ya utando wa uume. Ndiyo maana sildenafili (Viagra) hufanya kazi hafifu kwa mnyama asiye na homoni: dawa hiyo hulinda ishara ya gesi, haiianzishi.

Sindano ya kila siku au ya kila wiki?

Testosteroni ya sindano ina aina kadhaa. Propioneti huisha haraka, hivyo hudungwa kila siku au kila baada ya siku moja. Enantheti hukaa zaidi. Kibonge cha silikoni chini ya ngozi hutoa kiwango tulivu. Vyovyote vile, damu ipimwe, na vifuko vya shahawa vipimwe uzito: vikizidi vya panya asiyehasiwa, dozi ilikuwa kubwa mno.

Nina miaka 60. Nianze homoni?

Si kwa ushahidi wa panya. Damu yake haina protini inayobeba testosteroni kama yako. Pima asubuhi, siku mbili tofauti. Chini ya nanogramu 300 kwa desilita, pamoja na dalili, ndipo mazungumzo na daktari huanza. Pima pia sukari na shinikizo la damu. Kama bado unataka mtoto, mwambie daktari mapema, maana homoni ya nje huzima utengenezaji wa mbegu.