Safari ya Kisite Siku ya Idd: Tazameni Mwezi Kwanza

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi na mume wangu tunakusudia kuwapeleka watoto wetu watatu, ambao mdogo wao ana miaka minne, pamoja na mama mkwe anayesumbuliwa na magoti, katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite, pwani ya kusini ya Kenya, siku ya pili ya Idd-ul-Fitr. Jirani anatusihi tuahirishe kwa sababu ya bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kiasi. Je, tumsikilize?
Mama Watatu, Kisauni

JIBU: Wa aleikum salaam, dada yetu. Msikilizeni. Idd-ul-Fitr husaliwa mwezi mosi Mfungo Mosi (siku ya kwanza ya Shawwal), na mwezi unapoandama ndipo bamvua linapoanza kupamba moto, kama ilivyo pia mwezi unapokuwa mpevu. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3, na maji hayo hupita kwa nguvu katika mlango wa bahari ulio kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, ambako ndiko boti yenu itakakopita. Mkondo huo hutibua mchanga hata samaki wasionekane vizuri, na mtoto wa miaka minne anayeelea kwa boya huweza kuchukuliwa mbali na chombo kabla mzazi hajageuka.

Ni kweli kwamba bamvua lina uzuri wake, kwani maji yanapokupwa sana fungu la mchanga hujitokeza katikati ya bahari, na waogeleaji hodari hulifuata hilo. Nyinyi mna mtoto na mzee. Subirini siku ya nane, tisa au kumi ya mwezi huo wa Mfungo Mosi, wakati wa maji mafu, yaani maji yasiyojaa wala kupwa sana, ambapo hata wanaofunga siku sita mfululizo baada ya Idd watakuwa wamekwisha kufungua. Idd-ul-Hajj, inayosaliwa mwezi kumi Mfungo Tatu (siku ya kumi ya Dhul-Hijja), huangukia maji mafu yenyewe. Lakini ikija kati ya Mei na Agosti upepo wa kusi huwa umeshika, na mawimbi ya nje ya Wasini huwalewesha hata watu wazima.

Kuhusu mama mkwe, sioni haja ya kumpandisha na kumshusha botini katikati ya bahari. Abaki Wasini pamoja na mmoja wenu, kisiwa kisicho na magari, ambako akina mama wa hapo wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya mikoko na miamba ya kale ya matumbawe. Atembee polepole apendavyo, na akichoka apumzike huku akiwasubiri kwa chakula cha mchana.

Shimoni ni safari ya kiasi cha kilomita 80 kutoka mjini Mombasa, na barabara ya Dongo Kundu itawaepusha na foleni ya kivuko cha Likoni. Kiingilio lipeni mapema kwa eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo, na mchukue vitambulisho. Waelezeni watoto, kabla hawajaingia majini, kwamba matumbawe ni viumbe hai wasiokanyagwa wala kushikwa, na kwamba makombe hayachukuliwi hata yakiwa matupu. Nahodha naye mwambieni awape majaketi ya kuokolea yanayowaenea watoto, si ya watu wazima yaliyofungwa kamba. Akiwa hana, tafuteni boti nyingine mkiwa bado gatini.