Mēlon ni tufaa au ni kondoo?

Swali: Habari mwalimu. Kwenye kipindi cha Biblia tumeambiwa tunda alilokula Hawa lilikuwa epo sababu Kigiriki kimeandika mēlon. Mwenzangu kaangalia kamusi ya kwenye simu inasema mēlon ni kondoo. Nani yuko sahihi?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Nianze na la Hawa, sababu linasambazwa sana na linaniuma. Mwanzo 3:6 kwa Kigiriki haina mēlon kabisa, pale pameandikwa karpos, yaani tunda tu, lolote lile, kama Kiebrania nacho kinavosema peri bila kutaja aina. Mti unaotajwa kwa jina pale ni mtini, ule walioshona majani yake. Epo limepata nguvu kwenye Kilatini: Warumi walilichukua neno kwa Wagiriki wa lahaja ya Kidori waliokuwa wakisema mālon, likawa mālum kwa a ndefu, na wao tayari walikuwa na malum ya a fupi, maana yake uovu. Kwenye maandishi yanafanana, sasa mtu anasoma habari za mti wa ujuzi wa mema na mabaya kwa lugha hiyo, ni rahisi sana akili kuruka kwenye tufaa.

Mwenzako naye kamusi haijamdanganya, ila hayo ni maneno mawili tofauti yaliyogongana. Ushahidi ni hao hao Wadori, tunda walilitamka mālon lakini kondoo alibaki mēlon, ingekuwa neno moja yangebadilika pamoja. Kwa Homeri, mshairi wa kale wa Kigiriki, mēla ni kondoo na mbuzi, mifugo midogo. Na huyu kondoo yumo mpaka Agano Jipya, Waebrania 11:37, wale waliozunguka wamevaa ngozi za kondoo, neno ni mēlōtē, na ndilo Kigiriki kinalotumia kwa lile vazi la Eliya alilopigia maji ya Yordani. Hata Wagiriki wa kale wenyewe walibishana kama Herakles, shujaa wa hadithi zao, alienda kuchukua matufaa ya dhahabu au kondoo!

Hilo la tunda, wataalamu wengi wanaona Wagiriki walilikuta kwa wenyeji wa kule kabla yao. Na halikuwa epo peke yake, lilibeba karibu kila tunda la mviringo linaloota kwenye mti, ndo maana pichi waliiita mēlon la Uajemi na aprikoti mēlon la Armenia, alafu washairi wakalipeleka kwenye mashavu na matiti ya wanawake. Tikiti lililoiva wakaliita mēlopepōn, ndo asili ya jina meloni, na kamomili ya kwenye chai ni khamaimēlon, tufaa la ardhini, sababu ya harufu yake. Leo Ugiriki milo ni epo tu, basi.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kushangaa, tufaa tumelitoa kwa Waarabu ambao kwao ni epo, lakini ukiagiza tufaa Unguja unaletewa lile jekundu lenye majimaji, tunda lingine kabisa.

Ukitaka kuliona mēlon lenyewe kwenye Agano la Kale la Kigiriki fungua Methali 25:11 na Wimbo Ulio Bora 2:3. Kwenye Union Version ya Kiswahili hapo kwanza utakuta machungwa, hapo pili mpera.