Usiiachie Tarakilishi Pembe ya Taya

Wiki hii daktari kijana wa meno aliye mafunzoni Kakamega ameniandikia kuhusu pembe ya taya, yaani pembe ya ile kona ya taya la chini iliyo chini ya sikio, tunayoipima kwenye eksirei ya kichwa: "Daktari, programu inanipa pembe ya taya nyuzi 131. Nikipima kwa mkono napata 125. Mgonjwa ni yuleyule, picha ni ileile. Nifuate ipi?" Nimefurahi kujua bado kuna anayepima kwa mkono. Ninyi mnaotaka kubobea katika kupanga meno mtakutana na swali hili, kwa hiyo namjibu mbele yenu nyote.

Nilipokuwa mwanagenzi Nakuru, mchana foleni ilijaa watu wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floridi iliyo kwenye maji ya visima vya huko. Jioni ndipo nilipopata nafasi ya kubandika eksirei ya kichwa kwenye kisanduku cha taa na kuichora kwa penseli ngumu juu ya karatasi angavu. Siku moja mkubwa wangu aliichukua karatasi yangu mbele ya mama wa mgonjwa, akaiweka kando bila kuitazama, akasema mashine imeshapima. Nilinyamaza, kwani mwanagenzi angesema nini? Maneno yale bado yananichoma. Mashine haikuwa imepima chochote. Ilikuwa imekokotoa pembe kati ya nukta ambazo mtu alizibofya akiwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Sasa hizo nyuzi 131 na 125. Ukipima kwa mkono, unapiga mstari mmoja unaogusa ukingo wa nyuma wa taya, ule unaopanda kuelekea sikioni, na mwingine unaofuata ukingo wa chini hadi kidevuni. Mistari hiyo hukutana nje ya mfupa, kwa sababu kona ya taya ni ya mviringo. Programu nyingine huiweka nukta ya gonioni, yaani nukta ya kona ya taya, juu ya mpindo wenyewe wa mfupa. Hapo kilele cha pembe kimesogea ndani, na pembe lazima ipanuke. Basi huenda hakuna aliyekosea kati yako na tarakilishi. Mmepima vitu viwili tofauti. Angalia nukta iliwekwa wapi kabla ya kuiamini namba.

Kisha kuna vivuli. Taya lina upande wa kulia na wa kushoto, na kwenye picha ya ubavuni vivuli vya pande hizo havilaliani sawasawa, kwa kuwa upande ulio mbali na filamu hukuzwa zaidi. Chora vyote viwili, upitishe mstari katikati yao. Programu ikishika kivuli kimoja tu, namba itatoka safi na itakuwa ya uongo. Narudia: angalia nukta.

Hili si jambo dogo. Pembe ikiwa kubwa, mara nyingi uso ni mrefu na meno ya mbele hayakutani. Ukiyainua magego ya mgonjwa kama huyo, taya lake linazungukia chini na mdomo unazidi kuachama.

Kuna msichana wa sekondari kutoka Ahero aliyeletwa kwangu Kisumu na barua ya kliniki nyingine iliyotaka ang'olewe magego madogo manne. Sababu? Hapa pembe ni nyingine, zinazoonyesha kila taya limetokeza mbele kiasi gani ukilinganisha na fuvu: tofauti kati ya taya lake la juu na la chini ilikuwa nyuzi 5, na kitabu kinasema 2. Lakini vipimo hivyo, 82 kwa taya la juu, 80 kwa la chini na 2 kwa tofauti yao, vilitolewa na Cecil Steiner, daktari wa kupanga meno, huko Marekani mwaka 1953, kwa kutazama nyuso za Wazungu. Nyuso zetu nyingi zina meno ya mbele yaliyoelekea mbele na midomo iliyojaa, na zina afya kamili. Binti yule alifumba midomo bila kujikaza, na magego yake yaliumana vizuri. Shida yake ilikuwa jino moja la juu lililopinda! Nilipima upya nukta kwa nukta, nikamweleza mama yake, nikakataa kung'oa. Mwezi uliopita tulimtoa waya. Meno yote yamo, yamenyooka, nami naona fahari isiyo na kifani.

Ndugu zangu, acheni uvivu. Mgonjwa amelipa nauli, amelipa picha, pengine mzazi amekopa kwenye chama. Mstahi kwa kupima mara mbili, siku mbili tofauti, bila kuchungulia jibu la kwanza. Majibu yakipishana sana, rudi kwenye nukta.

Nawe daktari wa Kakamega, chagua njia moja ya kuiweka gonioni, uiandike kwenye faili, na uitumie hiyohiyo mwanzo na mwisho wa matibabu. Unapolinganisha na wastani wa kitabu, hakikisha kitabu kilipima kwa njia yako. Nitumie picha ikiwa na nukta zote mbili, ukiwa umefuta jina la mgonjwa.